Grafu ya echarts4r: nzuri kwenye kompyuta, nyeupe kwenye simu

BintiNyegezi

Habari zenu wakuu. Nina faili la CSV lenye bei ya dagaa wabichi kwenye mialo mitatu ya Mwanza: Kirumba, Igombe na Kayenze. Kolamu ni tatu tu: tarehe (siku/mwezi/mwaka), mwalo, na bei ya ndoo ya lita 20. Nataka grafu moja ambayo mtu akigusa siku fulani kwenye simu anaona bei za mialo yote, anaweza kuvuta karibu mwezi anaoutaka, na faili linafunguka hata akiwa hana bando. Msimbo wangu wa R, kwa pakeji ya grafu ya echarts4r, ni huu:

```r
library(dplyr)
library(echarts4r)

d <- read.csv("bei_mialo.csv") |>
  mutate(tarehe = as.Date(tarehe))

g <- d |>
  group_by(mwalo) |>
  e_charts(tarehe) |>
  e_line(bei) |>
  e_tooltip(
    trigger = "axis",
    formatter = htmlwidgets::JS(
      "function(p){ return p.seriesName + ': ' + p.value[1]; }"))

htmlwidgets::saveWidget(g, "dagaa.html", selfcontained = FALSE)
```

Kwanza, mhimili wa chini unaonyesha miaka ya ajabu, 0001, 0002 mpaka 0031. Pili, nikigusa mstari, kisanduku cha maelezo hakitokei kabisa. Tatu, nikituma dagaa.html kwa WhatsApp, anayepokea anaona ukurasa mweupe. Nimeweka `selfcontained = FALSE` kwa sababu nikiweka TRUE na kuendesha kwa Rscript napata kosa linalodai pandoc (programu ya kubadili miundo ya mafaili). Nianzie wapi?

---

Rscript_Ilemela

Dada, anzia kwenye tarehe, maana hiyo ikiwa mbovu hakuna kingine utakachokiona sawasawa.

`as.Date` usipoipa muundo hujaribu kusoma mwaka-mwezi-siku, kwa vistari au kwa mikwaju. Ikikutana na "03/04/2024" haigomi. Inachukua 03 kuwa mwaka, 04 kuwa mwezi, na tarakimu mbili za mwanzo za 2024, yaani 20, kuwa siku. Unapata tarehe 20 Aprili ya mwaka wa 3. Ndiyo maana "miaka" yako inaishia 31: hizo ni siku za mwezi. Mwambie muundo:

```r
mutate(tarehe = as.Date(tarehe, format = "%d/%m/%Y"))
```

Kisha endesha `range(d$tarehe, na.rm = TRUE)` na `sum(is.na(d$tarehe))`. Kuna watu hujaza "3-4-2024" katikati ya faili lenye mikwaju. Ukishatoa muundo, hizo zitageuka NA (thamani isiyopo) bila kelele.

Kisanduku: ukiweka `trigger = "axis"`, ECharts (maktaba ya JavaScript ambayo echarts4r inaitumia kuchora) inaipa fanksheni yako orodha, kipengele kimoja kwa kila mstari ulioguswa. Ukiweka `trigger = "item"`, inaipa kitu kimoja. Wewe umeomba axis lakini umeandika kana kwamba ni item, kwa hiyo `p.value` haipo, JavaScript inaanguka, na R haijui lolote kwa sababu kosa limetokea ndani ya kivinjari. Grafu ikinyamaza namna hiyo, ifungue kwenye Chrome, bonyeza F12, soma Console. Usiendelee kutafuta kosa upande wa R.

Fanksheni ya axis iwe hivi:

```r
kisanduku <- htmlwidgets::JS(r"(
function(ps) {
  var t = ps[0].axisValueLabel;
  ps.forEach(function(p) {
    var v = parseFloat(p.value[1]);
    t += '<br/>' + p.marker + p.seriesName + ': ' +
      (isNaN(v) ? 'hakuna' : 'TSh ' + v.toLocaleString('en-US'));
  });
  return t;
}
)")
```

`parseFloat` nimeichagua makusudi. Namba kutoka R zinaweza kufika huku zikiwa maandishi, na maandishi hayawekewi mkato wa maelfu na `toLocaleString`. Wengine hutumia `Number()`, lakini `Number(null)` ni 0, kwa hiyo siku isiyo na bei itaandikwa "TSh 0". `parseFloat(null)` inatoa NaN (yaani si namba), na hapo neno "hakuna" linaonekana. Ile `r"( )"` inahitaji R 4.0.0 kwenda juu, na `|>` inahitaji 4.1.0.

Ukurasa mweupe: `selfcontained = FALSE` inaandika vitu viwili, dagaa.html na folda dagaa_files. JavaScript yote iko kwenye folda. Umetuma html peke yake, kwa hiyo simu imepokea ukurasa unaotafuta maktaba ambayo haipo. Ukifungua faili hilohilo kwenye kompyuta yako linakubali kwa kuwa folda iko pembeni yake, na hapo ndipo wengi hudhani simu ndiyo mbovu.

Dawa ni TRUE, na TRUE inataka pandoc. RStudio inakuja na pandoc yake, ila Rscript kwenye terminali haijui iko wapi. Fungua RStudio, andika `Sys.getenv("RSTUDIO_PANDOC")`, nakili njia inayotoka, kisha juu kabisa ya skripti yako weka:

```r
Sys.setenv(RSTUDIO_PANDOC = "njia/uliyoinakili")
rmarkdown::pandoc_available()
```

Ikijibu TRUE, endelea. Kwenye Ubuntu, `sudo apt install pandoc` inamaliza kazi.

---

dagaa_mkavu

Aliyosema mkuu hapo juu ni sahihi. Ila ukishatengeneza tarehe, tatizo la nne litajitokeza, na hilo halitoi kosa lolote. Litakudanganya tu.

Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Siku za mbalamwezi mwanga wa taa hauwavuti vizuri, mitumbwi mingi inapumzika, na kwenye mwalo hakuna bei ya dagaa wabichi ya kuandika. Kwenye CSV yako siku hizo naamini hazipo kabisa, maana karani hana cha kujaza. Sasa ECharts ikiona tarehe 20 halafu 27, inavuta mstari mnyoofu kati yake. Msomaji anaona bei "ilipanda taratibu" kwa wiki nzima ambayo hakuna aliyeuza hata ndoo moja.

`connectNulls = FALSE` peke yake haisaidii. Inaheshimu pengo lililoandikwa, na lako halijaandikwa. Lazima kwanza uziumbe siku zinazokosekana:

```r
library(tidyr)

d <- d |>
  filter(!is.na(tarehe)) |>
  group_by(mwalo, tarehe) |>
  summarise(bei = median(bei), .groups = "drop") |>
  complete(mwalo, tarehe = seq(min(tarehe), max(tarehe), by = "day"))
```

`summarise` iko hapo kwa sababu siku moja ikiwa na bei mbili kwa mwalo mmoja, mstari unapanda na kushuka wima mahali palepale. `.groups = "drop"` usiiache: `complete` ikikuta jedwali bado limegawanywa kwa mwalo itakukatalia kuitumia kolamu hiyohiyo. Na usijaze sifuri. Sifuri ni bei, maana yake dagaa walitolewa bure.

Kosa linalofuata hapo ni `showSymbol = FALSE`. Watu huiweka ili grafu iwe safi. Lakini siku moja yenye bei iliyozungukwa na NA pande zote haina mwenzake wa kuunganishwa naye. Ukiondoa nukta, siku hiyo inafutika machoni. Kwa data ya kila siku acha nukta, zipunguze tu:

```r
g <- d |>
  group_by(mwalo) |>
  e_charts(tarehe) |>
  e_line(bei, symbolSize = 4, connectNulls = FALSE) |>
  e_y_axis(scale = TRUE, name = "TSh kwa ndoo") |>
  e_datazoom(type = "inside", toolbox = FALSE) |>
  e_datazoom(type = "slider", toolbox = FALSE) |>
  e_tooltip(trigger = "axis", formatter = kisanduku)
```

"inside" ndiyo inayokubali vidole viwili kwenye simu, "slider" ni ule ukanda wa chini. Weka zote mbili.

Ukitaka kumweleza msomaji kwa nini kuna pengo, tia kivuli. Mwezi mpevu wa Mei 2024 ulikuwa tarehe 23, kwa hiyo:

```r
g |> e_mark_area(
  serie = "Kirumba",
  data = list(list(xAxis = "2024-05-20"), list(xAxis = "2024-05-26")),
  title = "Mbalamwezi")
```

Tarehe za mwanzo na mwisho wa kivuli zichukue kwenye data yako. Mimi nimeweka siku tatu kila upande kama mfano. `serie` itaje mwalo mmoja tu. Ukiiacha wazi, kivuli kinachorwa kwa kila mstari, vitatu kimoja juu ya kingine, na rangi inakuwa nzito kuliko ulivyokusudia. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye data, herufi kwa herufi: "Kirumba " yenye nafasi mwishoni ni mwalo mwingine kabisa kwa R. Pitisha `trimws()` mapema.

---

Capripoint_R

Mbona hamumpi plotly? Anachora kwa ggplot2, anaita `ggplotly()`, kazi imekwisha. Hakuna haja ya kuandika JavaScript hata mstari mmoja.

---

Rscript_Ilemela

Mkuu, kwa ripoti ya kusomwa kwenye kompyuta ofisini nakubaliana nawe. Hapa lengo ni faili linalotumwa kwa WhatsApp. plotly.js ikiwa nzima inazidi MB 3, na `selfcontained = TRUE` inaibandika yote ndani ya kila faili, hata kama grafu yako ni mstari mmoja wenye nukta 10. Faili la echarts4r linatoka dogo waziwazi. Ukishikilia plotly, basi ipunguze kabla ya kuhifadhi:

```r
p |> plotly::partial_bundle() |> htmlwidgets::saveWidget("dagaa.html")
```

Hiyo inachagua kipande cha maktaba kinachotosha aina ya grafu yako. Na `ggplotly()` isipoambiwa kitu itaonyesha kwenye kisanduku majina ya kolamu yalivyo, "tarehe: … bei: …", kwa hiyo kazi ya maandishi inakurudia kupitia `aes(text = ...)` na `tooltip = "text"`.

Kuna pia highcharter, na grafu zake zinapendeza kweli. Ila Highcharts yenyewe si ya bure kwa biashara wala kwa ofisi za serikali. Inahitaji leseni ya kulipia. Kama grafu hii itaishia kwenye tovuti ya halmashauri, usianze nayo. ECharts iko chini ya Apache, leseni yake ni Apache 2.0, haina shida hiyo. Na mafunzo ya zamani ya rCharts mnayokutana nayo mtandaoni yaacheni, hiyo haiko CRAN (hazina rasmi ya pakeji za R) na nafasi yake ilichukuliwa na pakeji za htmlwidgets.

---

BintiNyegezi

Asanteni sana, nyeupe imeisha na kisanduku kinatoka. Nina maswali mawili ya nyongeza. Nina faili lingine la kipima kina cha maji ziwani, kinaandika kila dakika 15 kwa mwaka mzima. Nikichora, mstari umelala kama rula, na saa zimesogea kwa saa tatu. Pia faili la kuhesabu mitumbwi inayorudi, kolamu ya saa nadhani makarani wamejaza kwa saa za Kiswahili. Hilo mnalitatuaje?

---

kipimo_cha_ziwa

Mstari uliolala: kina chako bila shaka kimeandikwa kwa mita juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko kama mita 1,134. Mhimili ukianzia 0, badiliko la nusu mita ni chini ya sehemu moja ya elfu ya urefu wa grafu. Hiyo `scale = TRUE` uliyopewa kwenye `e_y_axis` inauondolea mhimili wajibu wa kuanza na sifuri. Kwa mistari ni halali. Kwa nguzo usiithubutu, maana urefu wa nguzo ndio namba yenyewe.

Uzito wa jambo hili: kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, ziwa lilifika mita 13.42 mwezi Mei 2020, wakati rekodi ya Mei 1964 ilikuwa 13.41. Sentimita moja. Hakuna atakayeiona bila mhimili uliobanwa na mstari wa rejea. Kwa echarts4r mstari huo ni `e_mark_line(data = list(yAxis = 13.41))`. Ila angalia usichanganye vipimo: 13.41 ni namba ya rula ya Jinja, si mita juu ya bahari, na haiingii kwenye grafu moja na 1,134.

Dakika 15 kwa mwaka ni nukta 35,040. echarts4r inaweza, ukiweka `showSymbol = FALSE` na `sampling = "lttb"` ndani ya `e_line` (hapa kuficha nukta ni sawa, ziko zimebanana). Lakini kwa mfululizo mrefu wa wakati mimi ningetumia dygraphs, imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo:

```r
library(xts)
library(dygraphs)

k <- read.csv("kina.csv")
k$wakati <- as.POSIXct(k$wakati, format = "%d/%m/%Y %H:%M",
                       tz = "Africa/Dar_es_Salaam")

x <- xts(k$kina, order.by = k$wakati)
colnames(x) <- "Kina (m)"

dygraph(x) |>
  dyOptions(useDataTimezone = TRUE) |>
  dyLimit(limit = 1134, label = "rejea", color = "red") |>
  dyRangeSelector()
```

Hiyo 1134 badilisha uweke rejea yako. `dyLimit` hainyooshi mhimili kuifuata, kwa hiyo ikiwa nje ya data yako hutaiona.

Saa tatu zako zimetoka kwenye `tz`. Ukisoma 06:00 kama UTC, simu iliyoko Mwanza inaongeza saa 3 na kuandika 09:00. `tz = "Africa/Dar_es_Salaam"` inaiambia R saa hiyo ni ya wapi, na `useDataTimezone = TRUE` inamfanya hata anayefungua akiwa Uingereza aone saa ya ziwani, si ya kwake. Ziwekeni zote mbili. Ukiweka ya pili bila ya kwanza, namba kwenye skrini zitaonekana sawa lakini data ndani bado ni ya uongo, na siku utakayoiunganisha na faili jingine ndipo itaachana.

---

dagaa_mkavu

Kuhusu saa za Kiswahili, huwezi kuzitengeneza kwa kolamu ya saa peke yake. "2" inaweza kuwa saa 2 asubuhi au saa 2 usiku, na mitumbwi ya dagaa iko majini usiku, kwa hiyo zote zinawezekana. Unahitaji kolamu ya pili, `kipindi`, yenye majibu mawili tu. Usiwape makarani asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku na alfajiri: saa 11 jioni iko upande wa mchana, saa 12 jioni iko upande wa usiku, na neno "jioni" linakuvuruga. Andika kwenye fomu: "mchana" ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi kabla ya saa 12 jioni, iliyobaki yote ni "usiku". Halafu:

```r
saa24 <- ifelse(kipindi == "mchana",
                saa %% 12 + 6,
                (saa %% 12 + 18) %% 24)
```

Jaribu kwa mkono kabla hujaiamini: saa 12 asubuhi inatoa 6, saa 11 jioni inatoa 17, saa 12 jioni inatoa 18, saa 11 alfajiri inatoa 5.

Kazi haijaisha hapo. Mtumbwi uliotoka jioni ya tarehe 4 na kurudi saa 11 alfajiri, karani mmoja ataandika tarehe 4 kwa kuwa ni usiku uleule, mwingine ataandika tarehe 5. R itaona marejeo kabla ya kuondoka. Chuja mistari ambayo `kurudi < kuondoka`, na kama tofauti ikiongezewa saa 24 inaleta muda unaoingia akilini, ongeza siku. Isipoleta, rudisha fomu kwa karani.

Kwa faili la zamani ambalo halina `kipindi`, usikisie. Chora idadi ya mitumbwi kwa siku tu, saa ziache.

---

BintiNyegezi

Sawa kabisa. La mwisho: majina ya miezi kwenye mhimili wa echarts4r yanakuja kwa Kiingereza. Na simu za wengi huku ni za RAM ndogo.

---

Rscript_Ilemela

Majina ya miezi yaandike mwenyewe kwenye lebo za mhimili:

```r
e_x_axis(axisLabel = list(
  hideOverlap = TRUE,
  formatter = htmlwidgets::JS(r"(
function(v) {
  var m = ['Jan','Feb','Machi','Apr','Mei','Juni',
           'Julai','Ago','Sept','Okt','Nov','Des'];
  var s = new Date(v);
  return s.getDate() + ' ' + m[s.getMonth()];
}
)")))
```

`getMonth()` huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo Januari ikae ya kwanza bila kuongeza 1. Kisanduku kina tarehe yake, hakifuati lebo hizi, kwa hiyo badala ya `axisValueLabel` tumia `new Date(ps[0].axisValue)` na orodha hiyohiyo ya miezi.

Kwa simu dhaifu, badilisha `e_charts(tarehe)` iwe `e_charts(tarehe, renderer = "svg")`. Kwa mialo mitatu na data ya kila siku, SVG inatumia kumbukumbu kidogo kuliko canvas. Kwa lile faili la nukta 35,040 usiifanye hivyo, baki na canvas. Na kabla hujasambaza, zima data kwenye simu yako, futa dagaa.html ya zamani kwenye Downloads, kisha fungua iliyotoka WhatsApp.